Hiyo ‘pole’ ni kilo ngapi?

Kila lugha ina maneno yanayochosha masikio, na Kiswahili chetu cha Kenya kinayo tele. Basi likipinduka leo, kabla majeruhi hawajafikishwa hospitalini tutakuwa tumeshasikia kwamba viongozi “wamehuzunika mno”, kwamba wana “moyo mzito”, kwamba “wanalaani vikali” na kwamba “serikali haitalala”. Ofisini mtu “amevunjika moyo kabisa” kwa sababu chai ya saa nne imechelewa. Ukipiga simu isiyopatikana, sauti tamu ya mashine inakuambia “samahani”, ilhali mashine yenyewe haijui ni nani amemkosea nani. Halafu kuna lile neno fupi kuliko yote na linalosemwa mara nyingi kuliko yote: pole.

Wapo wasomaji wanaoniandikia wakitaka neno hili lipigwe marufuku. Ati limekuwa kama sukari iliyozidi kikombeni. Mimi sikubaliani nao, ingawa naelewa kinachowaudhi. Pole ni neno zuri. Kinachoudhi ni kulitumia mahali pa neno jingine. Na hadi neno hilo jingine linyamaziwe hivyo, pana historia ndefu, ambayo katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet inahesabiwa kwa ekari na kwa miaka.

Jioni moja nilikuwa Kimulot, wadi iliyo katika eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, mahali ambapo vishamba vya wakulima wadogo vinatazamana na mashamba makubwa ya kampuni. Wakulima walikuwa wamefika senta tangu saa nane mchana na magunia yao ya majani mabichi. Lori la kuyabeba halikuja. Saa kumi na mbili ikafika, baridi ikaanza kushuka, na majani yakaanza kupata joto ndani ya magunia. Mtu wa huko hahitaji kuelezwa maana yake: jani likishapata joto linabadilika rangi, na likibadilika rangi linakataliwa. Karani, kijana wa watu, alikuwa akipita katikati ya foleni akisema, “Poleni wazazi. Poleni sana, kweli.” Kogo mmoja (ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya) akamtazama, akamwuliza kwa Kiswahili ili kila mtu asikie:

“Sasa hiyo pole, mtoto wangu, utaiweka kwa mizani? Ni kilo ngapi?”

Watu wakacheka, na karani akacheka nao. Mimi nilicheka, kisha swali lile likanifuata hadi nyumbani.

Tuanze na neno lenyewe. Pole si neno la kukopa. Ni la Kibantu, na ndugu zake tunawajua: poa, poza, upole, mpole, polepole. Kiini chao ni kutulia kwa kitu kilichokuwa moto au chenye ghasia. Uji hupoa, homa hupoa, hasira hupoa. Anayekuambia pole anakutakia kwamba kinachokuchoma kitulie. Ndiyo maana pwani na Tanzania ukimpa mtu pole aliyekuwa mgonjwa anaweza kukujibu, “Nishapoa.” Swali na jibu vimetoka katika mzizi mmoja. Ndiyo maana pia wahenga walituonya kwamba mwenye kovu usidhani kapoa: kidonda kinaweza kufunga juu, ndani bado ni moto.

Tazama sasa pole haifanyi nini. Haisemi nani alikosa. Namwambia pole aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyechoka, aliyetoka safarini, hata aliyekuwa kazini siku nzima, na katika yote hayo mimi sina hatia yoyote. Ni neno la jirani, la mtu aliyesimama kando akaona mzigo wa mwenzake.

Neno la mwenye kosa ni jingine, na asili yake ni nyingine. Samahani, msamaha na samehe vimetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya ukarimu na kuachilia. Radhi nayo ni ya Kiarabu, yenye maana ya kuridhika. Mswahili akikukanyaga husema “samahani” au “niwie radhi”. Hapo anakuomba kitu: ukarimu wako, kuridhika kwako. Unaweza kumpa, unaweza kumnyima. Ndiyo maana tunasema mtoto fulani “hana radhi za wazazi”: radhi iko mikononi mwa aliyekosewa, na mkosaji hawezi kujigawia mwenyewe.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Pole hutoka kwa msemaji, ikafika, ikaisha. Samahani hutoka kwa msemaji, kisha husubiri. Anayesema pole amebaki na cheo chake chote. Anayesema samahani amekishusha kwa muda na kukiweka mbele ya mwenzake.

Huku bara tofauti hiyo imefifia. Mtu anakumwagia chai nguo nzima, kisha anasema, “Aki pole!” Nadhani sababu ni mbili. Ya kwanza ni Kiingereza, ambacho kina neno moja tu, “sorry”, linalofanya kazi zote mbili. Wageni huku hushangaa wanapojikwaa na Mkenya kuwaambia “sorry”. Hujibu kwamba si kosa lake, wasijue kwamba Mkenya yule hajaomba radhi. Amesema pole kwa Kiingereza. Kilichovuka kwenda Kiingereza kimerudi na mzigo wa ziada: kwa kuwa “sorry” huomba radhi, tukaanza kuomba radhi kwa pole. Sababu ya pili ni lugha zetu za kwanza. Kipsigis, kwa mfano, kina mutyo, neno la kwenda taratibu ambalo pia humliwaza aliyeumia, sawasawa na polepole na pole. Anayekuja kwenye Kiswahili kutoka huko huikuta pole ikimngoja mlangoni kama jamaa. Samahani huikuta mgeni.

Pana pia namna Kiswahili chenyewe kilivyofika katika milima hii. Hakikuletwa na malenga wala walimu wa madrasa. Kililetwa na misafara, askari na reli iliyofika ziwani mwaka wa 1901, lakini kilichokikita hasa ni mashamba. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 karibu na Kericho kwa ajili ya maafisa Waingereza waliolemaa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa mapema katika miaka ya 1920. Ardhi haikurudi kwa waliokuwa wakiilisha ng’ombe zamani. Katikati ya mwongo huo Brooke Bond na James Finlay zikaingia, na kilichopandwa kikawa chai.

Chai inataka mikono, na mikono hiyo ilitoka kwa Wakipsigis, Waluo, Abagusii, Waluhya na wengine. Lugha ya kuwaunganisha ikawa Kiswahili, na hadi leo msamiati wake unanuka kazi: kibarua, posho, kipande, nyapara. Walowezi nao walikuwa na Kiswahili chao, kile ambacho wataalamu wamekiita Kisetla, kisichojali ngeli na kinachotembea kwa amri: lete, toa, fanya, ngoja, pesi-pesi. Mwaka wa 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha kufundisha Kiswahili cha bara, na anwani yake yenyewe iliwataja aliowalenga: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Mkulima na kibarua walikuwa watu wa kuambiwa, wala si wa kuombwa. Mwenye kuamuru angeweza kuwa mtu wa huruma na kumwambia mpishi wake pole anapougua. Lakini samahani humhitaji msikilizaji aliye na uwezo wa kuikataa, na mfumo ule haukumpa kibarua uwezo huo.

Wakati huohuo, jirani na majani chai yaliyokuwa yakipandwa, jambo zito zaidi lilikuwa likitendeka. Ukoo wa Talai ulikuwa ukoo wa orkoiik, viongozi wa kiroho waliosikizwa na Wanandi na Wakipsigis. Koitalel arap Samoei aliuawa na Waingereza Oktoba 1905. Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa orkoiyot wa Wakipsigis, alihamishiwa Fort Hall, yaani Murang’a ya leo, mwaka wa 1914, akafia uhamishoni. Kisha mwaka wa 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuwaondoa Talai kwa jumla. Hawakuhukumiwa mtu mmoja mmoja. Wanaume, wanawake na watoto wa ukoo mmoja walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay ya sasa, wakaishi huko hadi mapema katika miaka ya 1960. Sheria ile haikuwa na neno hata moja la hisia. Maneno ya hisia yalikuja baadaye, na yalipokuja yalikuja mengi.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 67, iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za ardhi, za sasa na za kihistoria. Hapo “dhuluma za kihistoria” likawa neno la kisheria. Mwaka wa 2019 tume hiyo ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa na ikapendekeza, pamoja na mengine, kwamba Uingereza iombe radhi. Mwaka wa 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa waliitaka Uingereza ilijibu suala hilo. Agosti 2022 walalamishi walilifikisha mbele ya Mahakama ya Haki za Kibinadamu ya Ulaya. Katika safari hiyo yote, kabla ya fidia na pamoja na fidia, walitaka jambo moja linalohusu safu hii moja kwa moja. Walitaka neno. Na si neno lolote.

London ilikuwa imeshaonyesha inavyochagua maneno. Tarehe 6 Juni 2013, katika kesi tofauti, ile ya wapiganaji wa Mau Mau na wengine walioteswa wakati wa hali ya hatari, Waziri wa Mashauri ya Kigeni William Hague aliliambia bunge lao kwamba serikali yake inatambua kuwa Wakenya waliteswa na kwamba inajutia kwa dhati. Zikalipwa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Katika hotuba hiyohiyo Hague alisema serikali inaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Masikitiko yalikuwapo, fedha zilikuwapo, hatia haikuwapo.

Miaka 10 baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alihutubu katika dhifa ya kitaifa jijini Nairobi. Alisema makosa ya zamani yanamletea masikitiko makubwa na majuto makuu, na kwamba ukatili waliotendewa Wakenya hauna udhuru. Ni maneno mazito na sidhani yalisemwa kwa utani. Lakini wengi waliosikiliza huku walikuwa wakingoja neno moja, na dhifa ikaisha bila wao kulisikia.

Mfasiri anayetafsiri hotuba kama ile ana kazi ngumu. Akiandika “Mfalme aomba radhi”, amempa msikilizaji asichopewa. Akiandika “Mfalme asema pole”, ataonekana ana dharau, ingawa kwa maana ya asili ya neno hilo atakuwa amekaribia ukweli: mtu aliyesimama kando ya kidonda akasema kinamhuzunisha. Hata “majuto” lina miiba yake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sheria ile ya 1934 ilipitishwa wakati wa Mfalme George wa Tano, ambaye Charles ni kitukuu chake. Kwetu majuto yalichelewa kizazi kimoja zaidi ya methali.

Mawakili watatuambia kwamba hali hii haikutokea kwa bahati. Anayekiri kosa anafungua mlango wa kudaiwa. Masikitiko na majuto, kwa upande wao, ni habari za moyo wa msemaji. Yanamweleza yeye: alivyo na huzuni, alivyoguswa, alivyo na moyo mzito. Hayamwombi msikilizaji kitu, kwa hiyo msikilizaji hana cha kujibu isipokuwa asante. Ukiyarudia yale maneno niliyoanza nayo, “nimehuzunika mno”, “nina moyo mzito”, “nimevunjika moyo”, utaona yote yana umbo hilo. Mwenye msiba ni mwingine, lakini mhusika mkuu wa sentensi ni anayeongea. Nadhani hicho ndicho kinachotuudhi tunapoyasikia, hata kabla hatujajua kwa nini.

Lakini tusimcheke Mwingereza peke yake. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta, akilihutubia bunge, alifanya lile ambalo wengi walidhani halitafanyika. Aliomba radhi kwa niaba yake, ya serikali yake na ya serikali zote zilizotangulia, kwa makosa waliyotendewa Wakenya. Neno sahihi, mbele ya watu sahihi. Akatangaza pia hazina ya Sh10 bilioni kwa ajili ya waathiriwa. Miaka ikapita, na waathiriwa wengi wakawa bado wanaulizia hazina hiyo. Kwa hiyo hata radhi inaweza kuchakaa. Tofauti ni kwamba radhi ikichakaa, aliyeombwa ana haki ya kurudi na kusema, “Uliniomba, sijakupa bado.” Pole haimwachii mlango huo. Huwezi kumdai mtu pole yake.

Hii ndiyo maana nasema tofauti ya maneno haya si ya walimu wa sarufi tu. Turudi majumbani na maofisini. Mwalimu aliyepoteza karatasi za mtihani anamwambia mwanafunzi pole. Daktari aliyechelewa saa tatu anawaambia wagonjwa poleni. Mume aliyesahau karo anamwambia mkewe, “Pole mama watoto, ndiyo maisha.” Kila mmoja wao amesogea hatua moja kutoka kwenye kosa lake, akasimama kando na kulitazama kama mpita njia. Hakusema uongo, ni kwamba amejihesabu miongoni mwa majirani, na yeye ni mhusika.

Simwambii mtu aache kusema pole. Aliyefiwa apewe pole, aliyechoka apewe pole, hata asiyemjua. Lugha nyingi zingefurahi kuwa na neno jepesi hivyo la kumwambia mtu kwamba umeuona mzigo wake. Lakini ukiwa wewe ndiye uliyeuweka mzigo huo kichwani mwake, sema samahani, sema niwie radhi, kisha nyamaza umsubiri. Hicho kimya kinachofuata ndicho kigumu, na nadhani ndicho tunachokikimbia tunapojaza maneno: pole sana, pole kabisa, pole tena sana.

Lori lilifika Kimulot saa tatu usiku. Magunia yakafunguliwa kwa mwanga wa tochi za simu, majani yaliyokwisha badilika rangi yakamwagwa kando, yaliyobaki yakapimwa. Karani aliandika kilo za kila mtu kwa uangalifu, na kwa kila mtu alisema pole. Nilipomfikiria baadaye niliona kwamba ndiye mtu pekee pale aliyelitumia neno lile sawasawa. Kosa halikuwa lake. Hakulituma lori wala hakulichelewesha. Alikuwa amesimama kwenye baridi ileile pamoja na wakulima. Pole yake ilikuwa ya jirani.

Waliopaswa kusema samahani hawakuwapo. Kogo alilijua hilo, nadhani, ndiyo maana alimwita mtoto wangu na hakumkasirikia. Alibeba gunia lake tupu begani, akamwambia usiku mwema, akashuka mteremko kuelekea nyumbani.